Jinsi ya kumchagua mtaalamu wa miguu ukiwa Mtwara au Lindi: mwongozo kamili

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote unafanana hivi: mgonjwa wa kisukari alimtafuta "daktari wa miguu", akampata mtu, akalipa, na baada ya mwezi kidonda kikawa kikubwa kuliko siku ya kwanza. Wengine wanaeleza kwamba wamehudhuria kliniki kwa miaka bila mtu yeyote kuwaambia wavue viatu. Wote wamekwama mahali pamoja: wamechagua kwa kibao, kwa koti jeupe au kwa sifa za jirani.

Huku kusini ni nadra kukuta kibao cha mtu aliyesomea podiatria, yaani fani ya utunzaji na tiba ya miguu peke yake. Kazi hiyo kwetu imegawanyika kwa watu kadhaa: muuguzi wa kliniki ya kisukari, tabibu, daktari wa upasuaji, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na fundi wa viungo bandia na viatu tiba. Anayetafuta cheo atarudi mikono mitupu. Anayeitafuta kazi yenyewe, yaani kile ambacho mtu anakifanya mguuni pako, atampata mtaalamu wake hata kama mlangoni pameandikwa jina jingine. Hatua zinazofuata zinakufundisha kuitambua kazi hiyo kwa macho yako mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa

Viandae vyote jioni kabla ya safari, kwa sababu asubuhi ya haraka ndiyo inayosahaulisha.

- Daftari la kliniki, pamoja na vipimo vya sukari vya karibuni.
- Dawa zako zote, zikiwa katika pakiti zake. Kuzieleza kwa rangi hakusaidii.
- Viatu unavyovaa kila siku, vyote viwili, hata kama ni katambuga, yeboyebo au raba za shambani. Viatu vya msikitini au vya kanisani viache nyumbani.
- Rula, kalamu na karatasi.
- Kioo kidogo cha kutazamia unyayo.
- Simu yenye picha za kidonda, kama kipo, zilizopigwa rula ikiwa pembeni yake.
- Kadi ya bima na kitambulisho.
- Ndugu mmoja mwenye macho mazuri na asiyeona haya kuuliza.

Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa anayesikia habari mbaya husikia nusu tu, na nusu iliyobaki inahitaji mtu wa kuiandika.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba mguu wako unaweza kusubiri

Kuchagua kunahitaji siku kadhaa, na kuna miguu isiyo na siku hizo. Ukiona dalili yoyote kati ya hizi, acha kuchagua na uende hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, hata kama ni usiku: kidole kimegeuka cheusi au kimepoa ghafla, kidonda kinanuka, kinatoa usaha au kimeingia ndani, homa au kutetemeka pamoja na kidonda, uvimbe unaopanda juu, au mguu mzima umevimba na una joto ingawa hauumi.

Dalili hiyo ya mwisho huwadanganya wengi. Mguu wenye ganzi unaweza kuvunjika mifupa ya ndani na mwenyewe akaendelea kuutembelea, na kila hatua inazidi kuisaga. Vitabu vingi husema mguu wenye shida huwa mwekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja chako, uupitishe mguu mmoja kisha mwingine, mahali palepale. Upande mmoja ukiwa na joto zaidi ya mwenzake, hiyo ni habari.

Onyo: Mara nyingi huku kwetu kidonda cha ghafla mguuni husemwa kwamba mtu "ametegwa", na siku za mwanzo huishia kwa mganga. Sitaki kugombana na imani ya mtu. Naomba tu kwamba hospitali iwe ya kwanza, kwa sababu maambukizi katika mguu wa mwenye kisukari huweza kumaliza kidole kwa siku chache.

Umefanikiwa ukiwa umeukagua mguu wote, pamoja na katikati ya vidole na unyayo kwa kioo, na hujaona hata dalili moja kati ya hizo.

## Hatua ya 2: Pima ganzi nyumbani

Sababu ya kufanya hivi kabla ya safari ni kwamba jibu lako ndilo litakalokusaidia kumpima mtaalamu. Ukijua hali ya mguu wako, utatambua mara moja kama naye ameigundua.

Lala chali, vua soksi, fumba macho. Ndugu yako akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi wa nzi anayetua, kwa sekunde moja au mbili: ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole kidogo cha mguu huohuo, kisha gumba la kushoto, kidogo cha kushoto, na mwisho kidole cha kati cha kila mguu. Jumla ni mahali sita. Kila unapohisi, taja kulia au kushoto. Asikubonyeze, asikukune, na asirudie mahali uliposhindwa.

Ukishindwa kuhisi mahali pawili au zaidi, ichukulie miguu yako kuwa na ganzi hadi itakapopimwa kliniki. Andika matokeo kwenye karatasi.

Kama una ganzi ya mguu au kidonda kisichouma, na huna kisukari, kagua pia mwili wako kama una mabaka yaliyopauka yasiyohisi mguso. Mikoa yetu bado ina wagonjwa wa ukoma, dawa zake hutolewa bure, na anayewahi hupona kabla ya vidole kuharibika.

## Hatua ya 3: Orodhesha mahali pa kuuliza

Andika majina matatu, yasiwe moja. Mtu mwenye jina moja hukubali chochote anachokikuta.

Kwa walio Mtwara mjini, Mikindani, Nanyamba na vijiji vya jirani, anza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Kwa Lindi, anza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sokoine. Walio kwenye barabara ya Mingoyo kwenda Masasi wana hospitali mbili za misheni, Nyangao na Ndanda. Wa Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Kilwa waanzie hospitali ya wilaya, ambako wataulizia kliniki ya kisukari na kuomba barua ya rufaa endapo kazi itazidi uwezo wa pale.

Barua hiyo usiidharau. Mwenye bima anayeruka ngazi anaweza kulazimika kulipa kutoka mfukoni, na daktari anayekupokea bila barua huanza kukuuliza upya mambo ambayo mwenzake ameshayajua.

Sasa waondoe kwenye orodha wasiostahili. Vijana wanaopita mitaani na beseni wakisugua magaga na kupaka rangi kucha wanafanya kazi ya halali ya urembo, lakini mguu wenye ganzi usiwape. Muuza dawa anayekupa dawa ya kuunguza sugu naye umwondoe, kwa kuwa dawa hiyo haijui sugu inaishia wapi na nyama inaanzia wapi.

Mjomba wangu, mkulima wa korosho, alikatwa sugu kwa wembe na mtu wa sokoni aliyejiita daktari wa miguu. Hakusikia maumivu, akamsifu kwa mkono mwepesi. Jioni kandambili ilikuwa imejaa damu, na kidonda kile kilichukua miezi mitano kufunga. Mkono ule haukuwa mwepesi. Ganzi ndiyo iliyonyamaza.

## Hatua ya 4: Uliza kabla ya kupanda gari

Nauli ya kutoka Liwale au Newala haichezewi. Piga simu, au mtume ndugu aliye mjini afike dirishani, na aulize maswali manne tu.

Kliniki ya kisukari ni siku gani? Kuna mtu anayekagua miguu siku hiyo, na ni nani? Ana mafunzo ya mguu wa kisukari? Mtu mwenye kidonda mguuni anapokewa siku ile au anapangiwa?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Jibu zuri humtaja mtu: "Yupo sista fulani, njooni asubuhi mumuulizie." Jibu la "njooni tu, mtaonwa" halimaanishi kwamba hospitali ni mbaya, ila linamaanisha kwamba itakupasa uombe mwenyewe miguu yako ikaguliwe.

Kwa kliniki binafsi ongeza swali la leseni. Daktari na tabibu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mtu mwenye leseni huionyesha bila kununa. Mganga wa tiba asili naye ana baraza lake la usajili, lakini usajili huo haumpi ruhusa ya kushika kisu na kukata nyama ya mguu wako.

## Hatua ya 5: Tazama dakika kumi na tano za mwanzo

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, na ndiyo maana nitakaa hapa muda mrefu.

Kidonda kile cha mjomba kilipokuwa hakijafunga, nilimpeleka kwenye kliniki moja ya kisukari. Muuguzi alikuwa binti mdogo. "Shikamoo babu," alisema, "naomba uvue viatu vyote viwili." Mjomba akamjibu, "Marahaba mwanangu, mbovu ni huu wa kulia tu." Binti akarudia kwa upole, "Naomba vyote." Alipomaliza kuitazama miguu, akachukua raba ya kushoto, akaingiza mkono wake ndani hadi mwisho, akautoa polepole. Ndani ya soli kulikuwa na ncha ya msumari iliyochomoza kiasi cha punje ya mchele. Kwenye unyayo wa kushoto, mahali palepale, palikuwa na kitundu ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekiona. Mjomba alikuwa amekitembelea siku zisizojulikana.

Tangu siku hiyo nimejua ninachokitazama. Mtaalamu wa kweli, awe na cheo chochote, hufanya mambo haya:

Anakuvua viatu vyote viwili na kuvikagua. Mguu mzima ndio unaomfundisha jinsi mguu mgonjwa ulivyokuwa, na kiatu ndicho kinachoeleza kidonda kilitoka wapi. Anayetazama mguu mmoja, tena kwa mbali, mguu ukiwa sakafuni, bado hajaanza kazi.

Anatazama katikati ya vidole. Fangasi na nyufa za hapo ndizo mlango wa vijidudu. Kwa mwenye matende mlango huo ndio unaoleta zile homa za kuvimba za mara kwa mara, na mtaalamu mzuri atamfundisha kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kuukausha vizuri kati ya vidole, na kuuinua anapokaa.

Anapima ganzi kwa kifaa. Kifaa chenyewe ni uzi mnene wa nailoni unaofanana na kipande cha mshipi wa kuvulia, uliotengenezwa upinde kwa mgandamizo wa gramu 10. Anaugusisha kwanza mkononi pako ili uujue, kisha unafumba macho, naye anaugusisha kwenye gumba na sehemu za mbele za unyayo, akikwepa sugu na vidonda. Baadhi hutumia pia uma wa chuma unaotetemeka. Ukipata jibu tofauti kabisa na lile uliloandika nyumbani, mwonyeshe karatasi yako. Atakayekasirika kwa sababu ya karatasi, jihadhari naye.

Anatafuta mapigo ya damu. Vidole vyake vitatua juu ya mguu, kisha nyuma ya jicho la mguu la upande wa ndani. Sababu yake ni nzito: kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi kwa dawa yoyote, na kumkata nyama mtu wa namna hiyo bila kujua huweza kuupoteza mguu. Asipoyapata mapigo, anapaswa kusema waziwazi na kukuelekeza palipo na kipimo zaidi.

Anauliza sukari, sigara, macho na kazi yako. Swali la kazi si la kupoteza muda. Mvuvi anayekanyaga matumbawe, mpuliza dawa za mikorosho aliyevaa buti la mpira kutwa, na mama wa sokoni anayekaa kigoda kimoja, kila mmoja ana hatari yake na kiatu chake.

Onyo: Usidanganywe na mashine. Kuna mahali utakalishwa, utawekewa miguu kwenye kifaa chenye taa, kisha utatolewa karatasi ya magonjwa kumi na dawa za kununua palepale. Hakuna aliyekugusa mguu.

Umefanikiwa ukitoka ukiwa unajua mambo mawili: kama una ganzi, na kama damu inafika. Ukishindwa kuyajibu mambo hayo, ziara haikukamilika, na una haki ya kurudi mlangoni kwa adabu na kusema, "Samahani daktari, nilitaka kujua mapigo ya damu ya mguu yakoje."

## Hatua ya 6: Tazama vifaa na namna anavyovishika

Kisu cha kupunguzia sugu kitoke kwenye pakiti mpya mbele yako. Mikasi na koleo vitoke kwenye kifurushi kilichochemshwa kwa mvuke, ambacho mkanda wake hubadilika rangi na kuonyesha mistari myeusi. Glovu ziwe mpya. Wembe mmoja unaozunguka kwa wateja unaweza kusambaza homa ya ini na Virusi vya Ukimwi.

Kupunguza sugu kwa ufundi hufanywa tabaka kwa tabaka, kama mtu anayemenya embe bichi, bila damu na bila maumivu. Sugu ikiwa na doa jeusi chini yake, mtaalamu atakuambia kwamba hiyo ni damu iliyovia, yaani kidonda kinajitengeneza ndani, na kuanzia dakika hiyo utachukuliwa kama mgonjwa wa kidonda.

## Hatua ya 7: Kama una kidonda, uliza juu ya uzito

Hatua hii ni ya wenye vidonda, na ndiyo inayotenganisha anayetibu na anayebadilisha bandeji. Kidonda cha unyayo chenye ganzi kiliundwa na uzito wa mwili uliokandamiza mahali pamoja, hatua baada ya hatua. Ukiendelea kukikanyaga, kukisafisha kila siku ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Kwa hiyo muulize: "Nitatembeaje ili nisikikanyage?" Mtaalamu atakuwa na jibu la vitendo. Anaweza kukufunga hogo maalumu linalosambaza uzito, akakupa kiatu cha wazi chenye soli ngumu, akabandika pedi nene yenye tundu mahali pa kidonda, au akakupa magongo na kukueleza siku ngapi. Akikosa vifaa hivyo atakuelekeza kwa fundi wa viatu tiba au atakuandikia rufaa. Akijibu kwamba "wewe tembea kawaida tu, dawa itafanya kazi", umeshapata jibu lako kuhusu yeye.

Mambo mengine ya kutazama: anapima kidonda kwa rula na kuandika, anachunguza kwa kijiti safi cha chuma kama kimefika kwenye mfupa, anaomba picha ya eksirei anapokuwa na shaka, na antibayotiki anazitoa panapokuwa na maambukizi, hazitoi kama zawadi ya kila ziara.

Onyo: Usiloweke mguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, usiweke majivu, dawa ya meno wala unga wa kapsuli uliopasuliwa. Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Umefanikiwa kama baada ya wiki 4 eneo la kidonda limepungua kwa takriban nusu. Ndiyo maana ya rula na picha. Likiwa halijapungua kiasi hicho, mpango ubadilishwe, na mtaalamu mzuri atakuwa wa kwanza kulisema. Akisema "tuendelee hivihivi" kwa mwezi wa pili, chukua daftari lako uende kwenye jina la pili katika orodha yako.

## Hatua ya 8: Toka na tarehe

Usiondoke na neno "ukiona shida urudi". Mwenye ganzi haoni shida. Kipimo kinachotumika kwa wenye kisukari ni hiki: asiye na ganzi na mwenye damu inayofika vizuri akaguliwe miguu mara moja kwa mwaka, mwenye ganzi au upungufu wa damu, kila miezi 6 hadi 12, mwenye vyote viwili, au kimojawapo pamoja na mguu uliopinda umbo, kila miezi 3 hadi 6, na mwenye ganzi au upungufu wa damu aliyewahi kuwa na kidonda au kukatwa sehemu ya mguu, kila mwezi 1 hadi 3. Mtaalamu akikupa tarehe isiyolingana na hali yako, muulize sababu.

Kabla ya kutoka, mwombe pia akuelekeze kiatu. Kiatu kinachofaa huzidi urefu wa mguu kwa sentimita 1 hadi 2 kwa ndani, hakibani kwa upana, na hununuliwa jioni wakati mguu umeshavimba kiasi chake cha kutwa. Ndala ya kidole kimoja haimfai mwenye ganzi, kwa kuwa huvuka mguuni bila yeye kuhisi.

Mwisho, panga nauli. Wengi wetu huahirisha kliniki hadi malipo ya korosho yaingie, na minada huanza Oktoba, ilhali kidonda huanza mwezi wowote, hasa wakati wa palizi na upuliziaji. Msimu ukilipa, tenga nauli za ziara zote za mwaka siku ileile na umkabidhi ndugu uliyekwenda naye kliniki, kisha ziandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Tarehe ya mguu ikiangukia siku ya mnada, mtume mwanao mnadani, na wewe nenda kliniki.